Mgonjwa Aliyekuwa Akiogelea

Saa moja asubuhi, simu tatu zilikuwa zimepangwa juu ya kitanda cha hoteli. Kila moja ilionyesha meza ya watu wanne, saa kumi na mbili jioni ya siku hiyohiyo, katika mikahawa mitatu tofauti.

"Haya, mkutano wa hamu umefunguliwa," alisema Dwight Tolliver, akipiga makofi. "Nani anatamani nyama ya kuchoma? Nani tambi? Nani anataka kula na Kapteni Mamba?"

"Mamba!" Otis, mwanawe wa miaka sita, aliruka kitandani mpaka simu zikagongana.

Dada yake, Maren, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alizipanga upya. Mkutano huo ulifanyika kila asubuhi tangu walipofika Florida kutoka Ohio. Baba yao alikuwa ameweka nafasi zote miezi miwili nyuma, alfajiri, kabla ya kwenda kazini. Programu ya bustani ya michezo haikuruhusu simu moja kushika meza mbili za saa ileile, kwa hiyo alitumia simu yake, simu ya mkewe na simu ya Maren. Meza ya Mkahawa wa Kapteni Mamba, ambako mtu aliyejivika umbo la mamba huwazungukia watoto mezani, ilikuwa kwenye simu ya Maren, kwa jina la Maren.

"Dwight, chagua moja ufute mbili," alisema Mama, akikunja taulo. "Kuna watu wanazitafuta hizo."

"Corinne, mpenzi, miezi miwili nyuma ningejuaje leo tumbo langu litataka nini? Tutaamua mchana. Kufuta ni mpaka saa kumi, baada ya hapo ndiyo wanatoza faini."

"Jana ulisema hivyohivyo."

"Na jana tulikula vizuri," alijibu Baba, akamtupia Maren simu yake.

Saa nane mchana Maren alikuwa kwenye foleni ya boti za magogo zinazoteremka majini, nyuma ya Leota Pruitt. Walikuwa wamejuana juzi kwenye bwawa la hoteli, kwa sababu wote wawili walikatazwa kuruka kutoka ubao wa juu. Leota alikuwa ametoka Arkansas na bibi yake na mdogo wake wa kiume, Jesse. Bibi Pruitt alikaa kivulini akijipepea kwa ramani. Jesse alikuwa amejichora nanga mkononi kwa kalamu ya wino, na jasho lilikuwa linaifuta.

"Leo ndiyo siku yetu ya mwisho," alisema Leota. "Kesho saa nne tunapanda basi. Na huyu hajala na mamba wake."

"Mlikosa nafasi?"

"Bibi anaamka na giza kila siku kuangalia simu. Imejaa. Imejaa. Imejaa. Sijui hao watu wanaweka nafasi wakiwa tumboni mwa mama zao!" Leota alimfuta Jesse jasho kwa ukingo wa shati lake. "Jioni tutakwenda kusimama mlangoni. Wanasema siku nyingine watu hawatokei."

"Kapteni akisema 'Mabaharia!' mimi nasema 'Tupo sitahani!'" Jesse alieleza. Alipiga saluti kwa nguvu, akajigonga jicho.

Maren alicheka, kisha akaacha. Alitoa simu akamwandikia baba yake, aliyekuwa mbele na Otis: *Tufute ya Kapteni? Kuna watu wanaitaka.* Jibu lilikuja kabla foleni haijasogea: *Bado. Usifute kitu.*

"Nani huyo?" aliuliza Leota.

"Baba."

Meza ilikuwa bado inaweza kufutwa bila faini. Maren alijua kuifuta, na alijua kwamba Leota alikuwa na simu ya bibi yake mkononi, tayari kuikamata meza. Alirudisha simu mfukoni, akauliza kama maji ya boti yalikuwa baridi.

Jua la mchana ule liliwachosha wote. Saa kumi ilipita Otis akiwa amelala kwenye kigari, na hakuna aliyekumbuka simu. Jioni Baba alitangaza kwamba hatavaa tena viatu hata akiitwa na nani. Aliagiza piza iletwe kando ya bwawa. Mama alichukua kikapu cha nguo akaenda chumba cha kufulia. Otis akapanda bomba la kuteleza.

Saa kumi na mbili na dakika kumi, simu ya Maren ililia. Ujumbe ulisema: *Baharia Tolliver, Kapteni anakusubiri!*

"Lo! Faini," alisema Baba, kipande cha piza kikiwa hewani. Alifikiri kidogo. "Piga simu. Sema Otis ana homa. Wakisikia mtoto mgonjwa hawatozi."

"Baba, Otis yuko pale juu ya bomba."

"Si amechomwa na jua kutwa nzima? Ana joto. Homa ni nini kama si joto?" Alicheka mwenyewe. "Piga, mwanangu. Meza ina jina lako."

Maren alipiga. Sauti ya mwanamke ilipokea, nyuma yake kukisikika vyombo na muziki wa gwaride.

"Hatuwezi kuja," alisema Maren. "Mdogo wangu ana homa."

"Masikini! Anaitwa nani mgonjwa wetu?"

"Otis."

"Mko hoteli gani, mpenzi? Chumba gani?"

Maren hakutarajia maswali. Alitaja hoteli, akataja chumba. Mwanamke alimwambia Otis anywe maji mengi, na kwamba faini isiwatie wasiwasi.

"Umeona?" alisema Baba. "Hakuna aliyeumia."

Maren aliweka piza yake chini. Alikuwa ameuma mara moja tu.

Kabla ya saa moja jioni, Bibi Pruitt aliingia kwenye lango la bwawa akiwavuta wajukuu wake. Macho ya Jesse yalikuwa yamevimba. Leota alipomwona Maren alikuja moja kwa moja, bila salamu.

"Usiniulize kitu. Masikio yangu yanawaka moto."

Maren hakuuliza. Leota alieleza hata hivyo, kwa haraka, akihesabu makosa kwa vidole. Walikuwa wa kwanza mlangoni. Meza zote zilikaliwa isipokuwa moja, ya dirishani, iliyokuwa na sahani nne na kofia nne za karatasi. Msimamizi akasema lazima aishike robo saa kwa ajili ya wenyewe, kisha atawapa. Lakini kabla hata dakika kumi hazijaisha Kapteni Mamba akatoka na ngoma yake, na akishatoka mlango hufungwa, hakuna anayeingia.

"Tumetazama dirishani. Meza imekaa tupu! Jesse kapiga saluti kwenye kioo, mamba kapita akimpa mgongo. Nao wanaita tu, Tolliver, watu wanne! Tolliver! Ningemjua huyo Tolliver ningemtumbukiza humu na viatu vyake."

Baba, aliyekuwa kiti cha pili, alianza kusoma boksi la piza.

Wakati huohuo mfanyakazi wa hoteli, mwanamke mwenye sare ya njano, aliingia na puto kubwa la kijani lenye meno. "Samahani, jamani! Namtafuta mgonjwa, Otis Tolliver. Chumbani hakuna mtu."

"Mimi!" Sauti ilitoka juu ya bomba. "Mimi ndiye Otis!"

Akateleza kichwa mbele, akatua majini kwa kishindo, akaibuka akitema maji na kunyoosha mikono yote miwili kulipokea puto. Yule mwanamke alimtazama, akaitazama kadi aliyokuwa ameshika, akamtazama tena.

Leota aliichukua kadi mkononi mwa yule mwanamke. Aliisoma kwa sauti, na sauti ilizidi kupanda kadiri alivyosoma. "'Pole kwa homa, baharia Otis. Pona haraka. Kiti chako kipo. Wako, Kapteni Mamba.'"

"Unaumwa nini?" Jesse alimuuliza Otis.

"Siumwi," alisema Otis. "Nani anaumwa?"

Mfanyakazi wa hoteli alilifunga puto kwenye mkono wa kiti, akaondoka bila kutakia mtu jioni njema.

"Wewe," Leota alimwambia Maren. "Ulikuwa nayo mfukoni. Nakueleza kwenye foleni, nawe unaniuliza habari za maji baridi!"

"Nilimwuliza baba nifute, akasema—"

"Na homa? Homa nayo alisema baba?"

"Ndiyo."

"Kwa mdomo wa nani?"

Masikio ya Maren nayo yalianza kuwaka. Alimkasirikia Leota kwa kusema mbele za watu, akamkasirikia baba yake kwa kuendelea kushika boksi. Kisha hasira yote ikarudi kwake mwenyewe, kwa sababu swali lilikuwa na jibu moja tu.

Bibi Pruitt alikuwa amekwisha kusimama mbele ya Baba. Alikuwa mfupi, na Baba alikuwa ameketi, kwa hiyo nyuso zao zilikuwa sawa.

"Wewe ndiye Tolliver?"

"Mama, samahani sana, ni kutoelewana kidogo tu. Kila mtu hapa anafanya hivi. Usiposhika meza tatu hupati hata moja."

"Umeshika tatu. Umekula ipi?"

Baba alitazama piza.

"Ndiyo maana kila nikiangalia naambiwa pamejaa," alisema Bibi Pruitt. "Pamejaa watu kama wewe, ambao hawapo."

"Mama, tuko likizo. Tusiharibiane."

"Hata mimi niko likizo, bwana!"

Kikapu kilitua sakafuni. Mama alikuwa amesimama langoni na nguo zilizokaushwa, na ilikuwa dhahiri kwamba alikuwa amesimama pale kwa muda.

"Dwight," alisema. "Nani ana homa?"

Baba alijaribu tabasamu. Halikumfaa, akalirudisha.

"Maren, vaa viatu. Na wewe, Dwight, vaa vyako. Otis, njoo."

Msimamizi wa Mkahawa wa Kapteni Mamba aliitwa Bi. Valdés. Alikuwa anapanga kofia za karatasi kwa ajili ya kesho walipofika, na alipoona familia ya watu wanne alianza kusema kwamba pamefungwa.

"Mimi ni Maren Tolliver," alisema Maren. "Ni mimi niliyepiga simu. Mdogo wangu haumwi. Nilidanganya."

Bi. Valdés aliweka kofia chini. Hakutabasamu, wala hakusema si kitu. "Lile puto nimelichagua mwenyewe," alisema. "Nina mtoto wa umri huo. Nikasema, wacha afurahi." Alimgeukia Baba. "Bwana, mhudumu wa meza ile anaishi kwa bakshishi ya wanaokaa. Leo hakukaa mtu. Jikoni wamepika chakula cha watu wanne, na kimetupwa. Na mimi nimefunga mlango mbele ya mtoto anayelia, huku kiti chake nakiona kwa macho yangu. Unajua unapiga kelele kiasi gani, mlango ule?"

"Nitalipa faini," alisema Baba kwa sauti ndogo.

"Utalipa. Hilo halikuwa swali."

"Yule mtoto," Maren aliingilia. "Anaondoka kesho saa nne. Hakuna meza asubuhi?"

"Kesho pamejaa."

"Sisi tunayo." Baba yake alifumba macho. "Kifungua kinywa, saa moja. Kwenye simu ya Baba. Tuwape wao."

Bi. Valdés alitikisa kichwa kukataa. "Meza haihamishwi jina. Na mkiifuta inarudi kwenye programu, ambako mamia ya watu wamekodoa macho. Hawa wenu hawataiwahi." Akafikiri. "Lakini mwenye jina akija yeye mwenyewe, anayekaa naye ni shauri lake. Viti ni vinne."

Mama alihesabu kimyakimya. Bibi, Leota, Jesse. "Na Dwight lazima awepo?"

"Asipokuwepo siwezi kuwakalisha."

"Vizuri," alisema Mama. "Vizuri sana." Kisha akamshika mumewe kiwiko. "Bado kuna wa tambi na wa nyama. Nao walitusubiri. Twende ukawaambie."

Otis alipoambiwa kwamba hatakula na Kapteni, alilitupa puto nje ya mlango wa chumba. "Mimi sikudanganya! Mimi sikusema naumwa! Nilisema siumwi!" Yote yalikuwa kweli. Aliendelea kuyasema hayo akilia asubuhi walipovaa, na njia nzima hadi mkahawani.

Akina Pruitt, ambao Mama alikuwa amewaalika usiku uleule, walikuwa wamefika. Jesse alikuwa amejichora nanga mpya. Bibi Pruitt alikuja kwa ajili yake, na alisema hivyo wazi. Bi. Valdés alifungua mlango. Leota hakusogea.

"Mimi siingii."

"Leota," alisema bibi yake.

"Bibi, siwezi kula kwa jina lile. Pankeki zitanikaa kooni." Alimwonyesha Otis kwa kidevu. "Kiti changu mpeni huyu. Yeye hakufanya kitu."

Otis aliacha kulia katikati ya kwikwi. Alimtazama Mama, Mama akamtazama Leota, kisha akasema, "Nenda. Sema asante kwanza."

Waliingia wanne: Bibi Pruitt, Jesse, Otis na Baba. Nje, kwenye ukuta mfupi unaoelekea dirisha, walikaa Mama, Maren na Leota. Leota alikaa mwisho kabisa, akageuza mgongo nusu. Kupitia kioo walimwona Bibi Pruitt akichukua kofia ya karatasi na kuibandika kichwani mwa Baba. Kapteni Mamba alipofika, Jesse alisimama juu ya kiti akapiga saluti bila kujigonga, na mamba akasimama wima akairudisha. Kisha Bibi Pruitt akaanza kuzungumza. Alizungumza mayai yalipoletwa, akazungumza sahani zilipoondolewa, akigonga meza kwa kidole. Baba alitikisa kichwa kukubali, na kila alipokitikisa kofia iliteremka hadi kwenye nyusi.

Mama aliweka simu zote tatu ukutani, kati yake na Maren.

"Nakukasirikia," alisema. "Baba yako namkasirikia zaidi, na mwenyewe anajua. Mimi nami nilisema 'futa' nikaendelea kukunja taulo. Nilipaswa kuchukua simu yangu na kufuta. Sasa nisikilize. Kuweka nafasi ni kumwambia mtu kwamba utakuja. Yeye anakuamini, anaandaa, na anawakatalia wengine kwa sababu yako. Ukibadili mawazo si kosa. Watu huchoka, watu huugua kweli. Lakini futa palepale unapojua, ili mwingine apate. Usishike tatu ili uchague moja. Na ukichelewa, sema umechelewa, ulipe faini, basi. Ukitumia homa ya uongo leo, mama mwenye mtoto mgonjwa atapiga simu kesho na hawatamwamini."

"Baba aliniambia niseme."

"Alikuambia. Na siku nyingine mtu mzima akikuambia useme uongo, hata akiwa baba yako, mpe simu mwenyewe aseme."

Maren alitikisa kichwa kukubali. Leota hakugeuka, lakini alikuwa ameacha kugongesha visigino ukutani.

"Leo jioni unataka kula nini?" aliuliza Mama.

"Tambi."

"Basi."

Maren aliiacha meza ya tambi iliyokuwa kwenye simu ya Mama, akachukua simu ya Baba akafuta meza ya mkahawa wa samaki. Alichukua simu yake mwenyewe. Ilikuwa na meza ya Kapteni Mamba ya jioni hiyo, ambayo Baba aliiweka kama akiba ya akiba. Alitazama dirishani, ambako Otis alikuwa amekumbatia mkia wa mamba, kisha akafuta.

Leota alikuwa bado na simu ya bibi yake, imefunguka kwenye ukurasa wa meza kama alivyoifungua kila siku ya juma lile. Maandishi ya kijani yalitokea: Kapteni Mamba, watu wanne, saa kumi na mbili jioni. Aliyatazama. Yakapotea.

"Kuna mtu kaipata," alisema, akaigeuza simu ili Maren aone.